Barua kwa mwanangu: Hayabaki mlangoni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kwenye mafunzo ya wakuu wapya wa matawi mwalimu wenu aliwaambia meneja ayaache mlangoni anayoyaamini, aingie ofisini na malengo ya taasisi tu. Unaniuliza kama mimi niliweza, miaka yote ile ya pamba.

Sikuweza. Wala sikumwona aliyeweza.

Meneja wangu wa kwanza pale chama kikuu cha ushirika wa pamba alikuwa mtoto wa mkulima, na baba yake aliwahi kupunjwa kwenye mizani. Malengo yetu yaliyobandikwa ukutani yalitaja tani, hayakutaja mizani hata mara moja. Lakini yeye akifika gulioni, kabla ya kuuliza kilo ngapi zimeingia, alishusha jiwe la kilo 20 kutoka kwenye gari, akalipima mbele ya wakulima wote. Alikuja bila taarifa. Baada ya misimu miwili hapakuwa na karani aliyethubutu kuichezea mizani, na wakulima wa vijiji vya mbali wakawa wanatuletea pamba wakiyapita magulio mengine.

Aliyemfuata alipenda kuonekana wa kwanza. Kila Jumamosi alisoma hesabu za magulio kwa sauti, kuanzia la juu hadi la mwisho, na wa mwisho alisimama. Karatasi ukutani ilikuwa ileile, mwanangu, tani zilezile. Hakuna aliyeambiwa adanganye. Ila makarani walianza kupokea pamba iliyomwagiwa maji na kutiwa mchanga ili kilo zipande, pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini, ikaandikwa safi, na kiwandani wakaturudishia lawama. Walioadhibiwa ni makarani. Hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu nilikaa kwenye vikao vile na nilijua walikuwa wanamtii nani.

Wewe uko kwenye mikopo, kwa hiyo isome vizuri habari ya benki ya Wells Fargo ya Marekani. Mkuu wake, John Stumpf, alitaka kila mteja awe na huduma nane za benki. Kwa nini nane? Aliandika mwenyewe kwamba kwa Kiingereza neno hilo lina kina kimoja na neno la kusifia kitu kikubwa. Benki ilikuwa na kijitabu chake cha maadili, kizuri tu. Wafanyakazi waliobanwa na ile nane wakawafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Mwaka 2016 ilipotozwa faini ya dola milioni 185, watumishi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Mkuu naye aliondoka mwaka huohuo, lakini wale wa dirishani walimtangulia.

Na nchi ni hivyohivyo. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alijikata mshahara kwa asilimia 20 kabla ya Miiko ya Uongozi kuandikwa kwenye Azimio la Arusha mwaka uliofuata: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asipangishe nyumba. Miiko ile ilitoka kwa mtu aliyeanza na mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala, CCM, kikiwa na uongozi mwingine, miiko hiyo ililegezwa.

Sasa langu mwenyewe, maana ndilo uliloniuliza. Bibi yako alitulea kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa, na nikaona fahari kuwa na ofisi yenye adabu. Nilipokabidhiwa ghala, nilisema kikaoni kwamba paa ni zima. Karani mmoja alikuwa ameona bati limetoboka. Akanyamaza, akaniheshimu. Mvua ya usiku mmoja ikalowesha pamba ya wakulima, na wengine walikuwa hawajalipwa hata senti. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alishangaa: "Mama, wewe ulishasema ni zima." Sikuwa nimeandika popote kwamba watu wanifiche habari mbaya. Niliyapenda tu makuzi yangu, nao wakaniletea nilichokipenda. Tangu hapo kila kikao nilianza kwa kumtaka aliye mdogo kuliko wote aseme kwanza, na ilinichukua muda mrefu kusikiliza bila kukunja uso.

Wewe mwenyewe tangu utoto huwezi kumnyima mtu anayelia. Nakupenda kwa hilo, na sitaki uliache. Lakini maofisa wako wa mikopo watalijua ndani ya mwezi mmoja. Atakayetaka faili ipite atakuletea mteja mwenye machozi, na yule muuza mchele asiyejua kulia, mwenye daftari safi la mauzo, atabaki kwenye benchi. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ikiongezeka, makao makuu watauliza nani alishindwa kazi. Kwa hiyo wakusanye wiki hii uwaambie kwa mdomo wako: mimi nina huruma ya haraka, faili lisomwe kabla sijamwona mtu. Mpe msaidizi wako ruhusa ya kukukatalia mbele ya wengine, na siku atakapokukatalia, mshukuru hapohapo ili wamwone.

Kisha chunguza unachouliza kila asubuhi ukiingia ofisini, kabla hujaketi. Liandike swali hilo kwenye daftari kwa siku thelathini. Ukija Krismasi, pamoja na mchele wangu wa Kyela, niletee daftari hilo tulisome wote.

Mama yako