Kuni ngapi za kupikia asali ya mti?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mwanangu wa kiume anaishi Vermont, Marekani. Nyuma ya nyumba ya wakwe zake kuna miti ya mepo (wenyewe huiita maple), na ukifika mwezi wa tatu anataka kuitoboa kumi na mbili, achemshe maji yake apate asali. Ananiuliza mie anunue kuni kiasi gani, ati mama kazaliwa Pemba basi mambo ya jiko anayajua. Na mie kwa kuona picha zake nimeingiwa na hamu: nimeagiza lita 60 za tembo tamu, yale maji ya mnazi yasiyochacha, nipike asali ya kulia chapati za maji mwezi wa Ramadhani. Mizigo mingapi itanitosha? — Mama wa Mtu Mbali, Wete

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenikumbusha aibu. Nilipokuwa bado mgeni nyumbani kwa mume wangu, Mtambile, baba mkwe alikuwa mgema. Siku moja akaniachia madumu matatu ya tembo tamu nipike. Nikazitupia jicho kuni zilizoegeshwa ukutani, nikasema zitatosha. Kumbe mbichi, masika yale, zinatoka povu nchani na moshi wake wa kuliza. Magharibi ikaingia karai liko nusu na kuni zimekwisha. Nikachoma makarara, nikachoma vifuu vya wiki nzima, nikaanza kulitazama banda la kuku. Kulipokucha ile nusu ilikuwa imeshachacha. Baba mkwe akaonja kwa ncha ya kidole, akaenda zake bila ya neno. Afadhali angenigombeza.

Tangu hapo sianzi na kuni, naanza na maji ninayotakiwa kuyafukuza.

Wapishi wa asali ya mepo wana kanuni nzuri, na hata kwetu inafaa. Chukua 86, gawa kwa sukari iliyomo katika kila sehemu mia ya maji ya mti. Unachopata ni lita unazohitaji kuchemsha ili utoke na lita moja ya asali. Sasa maji ya mepo yana sukari kama 2 tu kwa mia; ukiyaonja utadhani mtu kasuuza kikombe cha chai. 86 gawa kwa 2 ni 43. Lita arubaini na tatu kwa lita moja! Tembo tamu la mnazi, likiwa halijaguswa, lina kama 15 kwa mia, na 86 gawa kwa 15 haifiki hata 6.

Mweke mwanao upande huu, nawe ukae upande ule. Tundu moja kwenye mti wa mepo hutoa kiasi cha lita 40 kwa msimu mzima, pengine zaidi, pengine chini, kwa kutegemea hali ya hewa: maji yale hutoka vizuri usiku ukigandisha na mchana ukayeyusha. Matundu 12 ni lita 480. Gawa kwa 43, ana lita 11 za asali. Wewe una lita 60, gawa kwa 6, una lita 10. Mtakaa kwenye chupa takriban sawa. Lakini yeye ana lita 470 za kuzigeuza mvuke, wewe una 50. Basi asikuulize ulivyokuwa ukipika wewe, maana mizigo yako yeye ingemwishia kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza.

Kilo moja ya kuni kavu ina moto wa kugeuza mvuke lita zaidi ya 5, lau moto wote ungeingia kwenye karai. Hauingii. Kwenye mafiga matatu ya wazi sehemu kubwa inapasha miguu yako na hewa ya Mungu. Mie kwenye mafiga nahesabu kilo moja na nusu kwa kila lita ya kufukuzwa. Jiko likijengewa matofali pande tatu, na karai likaziba juu yake pasibaki mwanya isipokuwa wa bomba la moshi, nahesabu kilo moja kwa lita moja.

Mwambie ajenge la matofali. Hapo atahitaji kilo 470. Kule kuni ngumu huuzwa kwa kipimo kinachoitwa kodi (si ya nyumba wala ya serikali): tuta lililopangwa futi 4 kwa 4 kwa 8. Kodi moja ya kuni ngumu zilizokauka huzidi tani moja na nusu, kwa hiyo hesabu yake haifiki thuluthi. Lakini anunue nusu kodi. Upepo wa baridi unakula moto, na mpishi wa mara ya kwanza anakula kuni. Zikibaki hazichachi.

Na azinunue sasa, asingoje mwezi wa tatu. Kuni iliyokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto utayachemsha maji ya kuni kwanza kabla ya kuyagusa ya kwenye karai. Azipasue unene wa kifundo cha mkono, azipange juu ya mbao pasipo na unyevu, azifunike juu tu, ubavuni upepo upite.

Siku ya kwanza afanye jaribio, maana jiko lake silijui mie wala hulijui wewe. Apime kilo 20 kwa mizani, hata ile ya kupimia watu. Achovye kijiti kwenye karai, atie alama pale maji yalipofika. Achome kilo zile 20 zote, achovye tena, aone maji yameshuka lita ngapi. Hiyo ndiyo hesabu ya jiko lake, aishike hiyo aiache yangu.

Kuna kuni nyengine za bure kule ambazo sisi hatunazo: baridi yenyewe. Ndoo ikilala nje ikaganda juu, ile barafu karibu yote ni maji matupu. Sukari imebaki chini. Aitoe aitupe. Kila lita ya barafu anayoitupa ni kilo ya kuni imebaki kwenye tuta. Na asimwage maji baridi kwenye karai linalochemka, likazimika povu na kuanza upya. Aweke sufuria pembeni ya bomba la moshi yapate joto kwanza. Asichemshie ndani ya nyumba ya wakwe. Lita 470 za mvuke zitabandua karatasi za ukutani, nawe utapata simu.

Asali ikikaribia, aihamishie kwenye jiko la gesi, sufuria ndogo. Ikifika digrii 104 za Selsiasi iko tayari. Ikifura kutaka kumwagika, tone la siagi linaituliza.

Sasa wewe. Lita 50 kwa mafiga ni kilo 75, yaani mizigo minne ya kichwani ya kilo 20 hivi. Kama unazo kuni za mkarafuu uliokufa au za mvinje, vizuri sana. Mikandaa iache. Makumbi ni ya kuwashia na ya kumalizia moto mdogo, usiyategemee kwa kazi nzito, yatakuchosha kwa kuyatia.

Halafu huyo mgema. Unajua wenyewe wanavyosema, akisifiwa tembo hulitia maji. Ikiwa lita 10 katika zako 60 ni maji aliyoyatia yeye, kilo 15 za kuni zitakwenda kuyafukuza hayo tu na asali itapungua, na wewe umelipa vyote viwili. Onja kila dumu kabla hujalipa. Mwambie akuletee alfajiri, mara tu anaposhuka mnazini, na vibuyu vyake avipake chokaa kidogo ndani lisichache njiani. Wewe uwe umeshawasha moto kabla hajabisha hodi.