Ushauri kwa wanaoanza kutazama vichekesho vya filamu bubu

Wengi wanaoanza kutazama vichekesho vya filamu bubu huanzia pagumu. Hutafuta filamu ndefu iliyosifiwa kuliko zote, huitazama kwenye simu katika nakala iliyofifia, na baada ya dakika 10 huiacha wakiamini kwamba vichekesho vya miaka ya 1920 vilikuwa ni watu wa kuanguka na kupigana mateke tu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wa uigizaji filamu hizi, na kwa kila anayeingia ushauri wangu ni uleule: anza na filamu fupi za mikanda miwili, zenye urefu wa dakika 20 hadi 25 hivi, na tangu mwanzo jizoeze kuangalia namna kichekesho kinavyoandaliwa, kwa kuwa anguko lenyewe ni sehemu yake ndogo.

Filamu ya kuanzia, kwa maoni yangu, ni One Week ya mchekeshaji wa Kimarekani Buster Keaton, iliyotolewa mwaka 1920. Maharusi wanapewa nyumba ya kujijengea, inayoletwa vipande vipande ndani ya makasha yenye namba. Mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi anazibadilisha namba hizo kwa siri, nao wanandoa wanajenga kwa uaminifu wakifuata maelekezo, hadi inasimama nyumba iliyopindapinda ambayo mlango wake wa ghorofani unafungukia hewani. Mwishoni inawalazimu kuihamisha, nayo inakwama juu ya reli huku treni ikija. Sitasimulia kinachotokea hapo. Angalia tu upana wa picha, kwa maana Keaton ameiweka kamera mahali ambapo mtazamaji anaamini kwamba ameona kila kitu, na imani hiyo ndiyo anayoichezea.

Charlie Chaplin alifanya jambo kama hilo kwa kutumia mgongo wake. Katika The Immigrant ya mwaka 1917, meli iliyojaa wahamiaji inayumba vibaya na abiria wanachafukwa na roho. Tunamwona Chaplin kwa nyuma, ameinama juu ya ukingo wa meli, mwili ukimtikisika, na hatuna shaka kuhusu kinachomsibu. Anapogeuka, tunakuta alikuwa akipambana na samaki aliyemvua. Katika The Idle Class ya mwaka 1921, mume mlevi ambaye mkewe amemsusa kwa sababu ya ulevi anatugeuzia mgongo, na mabega yake yanatetemeka kama ya mtu anayelia kwa kwikwi. Kumbe anatikisa chombo cha kuchanganyia pombe. Hakuna aliyeanguka hapo, wala hakuna aliyepigwa. Kwa mwanafunzi wa uigizaji vipande hivi viwili ni kazi ya wiki nzima, hasa kama ataviigiza mbele ya wenzake na kutafuta ni kwa muda gani mgongo unaweza kudanganya kabla watu hawajashtuka.

Kwa sababu hiyo sishauri kutazama filamu hizi kwenye simu. Waigizaji walipigwa picha kutoka mbali, wakionekana kuanzia utosini hadi miguuni, na mara nyingi bila kukatwa, ili mtazamaji ajionee mwenyewe kwamba hakuna hila. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta wa mbele wa nyumba ya ghorofa unamwangukia Keaton, naye anasalimika kwa kuwa amesimama hasa pale linapotua dirisha lililo wazi. Ukuta ule ulikuwa mzito kweli, na nafasi aliyoachiwa ilikuwa finyu. Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa enzi hizo, alishika njia nyingine. Katika Safety Last! ya mwaka 1923, jengo analolipanda na saa anayoning'inia vilijengwa juu ya paa la jengo halisi, jukwaa lenye magodoro likiwa chini yake bila kuonekana, huku kamera ikielekezwa ili barabara iliyojaa magari ionekane kwa mbali; katika picha za mbali zaidi aliyepanda alikuwa mtu mwingine. Hilo halimpunguzii Lloyd heshima yoyote. Mwaka 1919 bomu lililodhaniwa kuwa la maigizo lilimlipukia na kumpotezea kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, kwa hiyo pale kwenye saa alining'inia akiwa amevaa glavu maalumu ya kuficha pengo hilo.

Mwendo wa mbio unaowakera wageni mara nyingi si kosa la filamu. Kamera ziliendeshwa kwa mkono, na kasi ilibadilikabadilika kati ya picha 16 na 24 hivi kwa sekunde. Zinapoonyeshwa zote kwa kasi ya 24 iliyokuja kuzoeleka wakati wa filamu za sauti, watu hukimbia hata pale walipokuwa wakitembea tu. Ni kweli kwamba wachekeshaji wenyewe waliongeza kasi makusudi katika vipande fulani, lakini nakala iliyokarabatiwa vizuri itakuonyesha tofauti. Tafuta pia nakala yenye muziki unaofuata matukio, kwa sababu hata enzi hizo filamu hizi zilisindikizwa na piano, kinanda au okestra. Lugha haitakusumbua sana, kwa kuwa maandishi yanayoonyeshwa kati ya picha ni machache. Wale waliozoea vibanda vya video ambamo msimulizi hutafsiri kila neno kwa Kiswahili hawatamhitaji hapa.

Kuna jambo ambalo mtazamaji wa Kiafrika ni vizuri aambiwe mapema. Baadhi ya filamu hizi zina Wazungu waliopakwa rangi nyeusi ili kuwadhihaki watu weusi. Seven Chances ya mwaka 1925 na College ya mwaka 1927, zote za Keaton, zina vipande vya aina hiyo. The General ya mwaka 1926, ambayo kwa ufundi wa treni na picha sijaona ya kuipita, inamfanya shujaa wake kuwa dereva wa treni anayepigania Majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande uliotetea utumwa. Mimi huionyesha, lakini sianzi nayo, na huwaeleza wanafunzi historia hiyo kabla taa hazijazimwa.

Vichekesho vya Keystone, kampuni ya Mack Sennett iliyoanzishwa mwaka 1912, vinaweza kungoja. Vina umuhimu wa kihistoria, lakini vurugu zake humchosha mgeni. Afadhali Big Business ya mwaka 1929, ambamo wachekeshaji wawili Laurel na Hardy, wakiwa wauzaji wa miti ya Krismasi, wanaharibiana mali na mteja kwa zamu, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize. Baada ya hapo nenda kwenye Sherlock Jr. ya mwaka 1924, yenye dakika 45 hivi, kisha City Lights, ambayo Chaplin aliitoa mwaka 1931 bila mazungumzo wakati filamu za sauti zilikuwa zimeshatawala.

Anayempenda Jackie Chan aitazame Project A ya mwaka 1983 mara tu baada ya Safety Last! Chan naye ananing'inia kwenye saa ya mnara, lakini yeye anaachia, anapasua vitambaa vya turubai viwili na kufika chini, na filamu inakuonyesha anguko hilo zaidi ya mara moja. Hesabu sekunde anazoning'inia kabla ya kuachia, kisha uzilinganishe na za Lloyd.