Poka ya studi ya kugawana: usiingie ukitafuta nusu

Nianze na la kamari, maana najua ndilo litakaloulizwa mwanzo. Mie sichezi kwa pesa. Programu ninayochezea poka hii inatoa chipsi za bure kila siku (hizi za kwenye skrini, si zile za kula za Forodhani), zikikuishia unangoja kesho unapewa nyengine. Hazinunui hata kikombe cha kahawa. Anayetaka kuingiza namba ya benki humo, hilo ni lake yeye na Mola wake, mie simo. Haya ninayoyaandika ni kwa yule anayependa karata kwa sababu ya karata zenyewe, kama tulivyozipenda sisi tuliokulia barazani.

Na mtu wa wahedi wa sitini, ule mchezo wetu wa karata wa barazani, amini usiamini, ana mtaji mkubwa kwenye mchezo huu. Tunajua sote hesabu yake: ree 11, saba 10, mzungu wa nne (yaani mfalme) 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Kwa aina zote nne, shupaza, kopa, uru na pau, jumla ni 120, na ndio maana mwenye 61 kashamaliza kazi. Lakini nenda barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, ukamtazame mchezaji anayeogopwa. Hashughuliki na pointi tu. Anajua saba ya pau imeshapita au bado iko kwa mtu, anajua nani kaishiwa kopa, na analijua hilo huku anabishana habari za mpira. Kichwa cha namna hiyo ndicho kinachotakiwa kwenye studi. Ile poka ya Texas ambayo kila mtu anaijua ina karata tano za katikati, za watu wote, na kila mchezaji kaficha mbili zake tu, kwa hivyo cha kukumbuka ni kidogo. Kwenye studi karata nyingi zinalala wazi mbele ya wenyewe, kisha anayejitoa anaondoka nazo. Usipozishika kichwani muda ule zilipokuwapo, ndio basi, mashine haikukumbushi.

Kuna mazoea ya barazani ya kuyaacha mlangoni, lakini. Hakuna turufu. Saba ni saba tu, haina ukubwa wowote. Na mzungu wa pili, yaani kwini, anampita mzungu wa tatu, yaani jeki. Hili la mwisho linawasumbua watu wetu kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Sasa mchezo wenyewe. Kila mtu anatoa kiingilio kidogo, kisha anapewa karata tatu: mbili za kificho, moja ya wazi. Mwenye karata ya wazi iliyo ndogo kuliko zote analazimika kutoa dau la mwanzo, apende asipende, na hapo ree inahesabiwa kubwa. Wakilingana, pau ndiyo ya chini kabisa, ikifuatiwa na uru, kopa, halafu shupaza. Zinafuata karata tatu za wazi, moja moja, na ya saba inakuja ya kificho. Baada ya kila karata kuna zamu ya kuweka dau, na kuanzia ya nne anayeanza ni yule ambaye karata zake za wazi zina nguvu zaidi. Kwenye meza za kawaida dau lina kiwango: dogo kwa karata ya tatu na ya nne, mara mbili yake kuanzia ya tano mpaka mwisho.

Mwishoni, zile chipsi zilizokusanyika katikati, yaani poti, zinakatwa mapande mawili. Pande moja linakwenda kwa mkono wa juu, yaani karata tano zenye nguvu zaidi, kama kwenye poka ya kawaida. La pili linakwenda kwa mkono wa chini: karata tano tofauti, zote nane au chini ya nane, bila ya jozi, na ree ikihesabiwa moja. Mfululizo au tano za aina moja haziuharibu mkono wa chini, kwa hivyo ree, mbili, tatu, nne, tano ndiyo chini bora kuliko zote na papo hapo ni mfululizo kwa upande wa juu. Unaruhusiwa kutumia tano hizi kwa juu na tano nyengine kwa chini, ilimradi zote zitoke katika saba zako. Akikosekana hata mmoja mwenye chini inayokubalika, mkono wa juu unabeba poti lote.

Mkono wa chini unasomwa kuanzia karata yake kubwa. Mtu ana nane, nne, tatu, mbili na ree, anaona vidogo vitupu, anafurahi. Mwenzake ana saba, sita, tano, nne na mbili. Wa pili ndiye mshindi, kwa sababu saba ni ndogo kuliko nane na hesabu imeishia hapo hapo.

Kubwa ninalotaka kusema ni hili la nusu. Wageni wengi wanauchukulia mchezo huu kama mchezo wa huruma: juu kuna zawadi, chini kuna zawadi, sitakosa kimoja. Wanaingia na karata yoyote. Hebu tupige hesabu. Mmebaki watatu, kila mmoja katia chipsi 100, poti ni 300. Ukipata nusu unaondoka na 150, faida 50. Ukibeba lote, faida 200, mara nne ya ile. Mkiwa wawili, nusu ni kurudishiwa chako mwenyewe, pamoja na sehemu yako ya viingilio vya waliojitoa. Na kuna balaa la robo. Mkiwa hao hao watatu, wewe na mwenzio mkawa na chini sawasawa, ile 150 mnagawana 75 kwa 75. Umetia 100 umepewa 75, na mashine inakuandikia umeshinda! Kwa hivyo karata za kuingia nazo ni zile zenye njia ya kubeba pande zote mbili, na nusu iwe ni kitu kinachokuangukia ukiikosa safari kubwa.

Zipi hizo? Tatu ndogo zenye ree ndani yake, hasa zikiwa za aina moja. Tatu ndogo zinazofuatana, kama nne, tano, sita. Tatu zilizofanana, hizo hata hazina mjadala. Jozi ya ree na karata ndogo pembeni. Nane, saba na mbili za aina mbalimbali zinaonekana ndogo, lakini zitakupa chini mbovu inayopigwa, na juu hazina kitu, mie nazitupa. Jozi ya wazungu wa nne inawatia watu wazimu kwa sababu kwenye poka nyengine ni mali. Hapa jozi hiyo inakimbilia nusu moja tu, huku wenye karata ndogo wana nafasi ya kukupita hata kwenye hiyo nusu. Ukiwa mezani umezungukwa na ree na karata ndogo za wazi, ziache. Na tisa, jamani, tisa ni ndugu wa kumi: haingii chini hata kwa dua.

Nitaeleza mkono mmoja kwa kirefu. Karata zangu za kificho zilikuwa ree na tatu za shupaza, ya wazi nne ya shupaza. Mwenye mbili ya pau katoa dau la lazima. Mwenye mzungu wa nne wa kopa kapandisha dau, mwenye sita ya uru kafuata, yaani katia kiasi hicho hicho, mie nimefuata, mwenye mbili katupa karata zake. Karata ya nne: mie nane ya uru, yule wa mzungu kapata jeki ya uru, wa sita kapata tano ya kopa. Hapo nimebaki nusu roho, nane si karata ya kushangilia, lakini nikafuata kwa sababu dau bado dogo na shupaza hata moja sijaiona kwa mtu.

Karata ya tano ndiyo njia panda ya mchezo huu wote, maana dau linakuwa mara mbili. Nikapata tano ya shupaza. Sasa nina nane, tano, nne, tatu na ree, chini imeshakamilika, na juu yake shupaza nne. Tazama wenzangu. Wa mzungu kapata kumi: mzungu wa nne, jeki, kumi, zote wazi. Mtu mwenye karata kubwa tatu hawezi tena kupata chini, hata malaika washuke, kwa sababu zimebaki nne tu katika saba zake na chini inataka tano. Hili ni la kulikariri: kubwa au zenye kujirudia zikifika tatu, mlango wa chini umefungwa. Kwa hiyo yeye anacheza nusu moja. Yule wa sita kapata kwini. Bado ana njia, lakini ana safari, mie nimeshafika. Shupaza ni kumi na tatu, ninazo nne, nyengine zote sizioni mezani, zimebaki tisa. Nikapandisha, wa mzungu akapandisha tena kulinda jozi yake, nikapandisha tena. Nilikuwa natia chipsi kwa raha, kwa sababu chini naiona na juu ninayo nafasi nzuri, wakati yeye hata akishinda hapati zaidi ya nusu; chini yangu hata ikipigwa na yule wa tatu, nusu ya pili haiendi kwake pia.

Karata ya sita kanipa tisa ya pau, takataka. Wa sita kapata tano nyengine, jozi ya tano wazi, kwa hivyo zamu ikaanza kwake. Hesabu tena: kwini na tano iliyojirudia, karata mbili zimemfia. Ili apate chini, zilizobaki tano zote zitimie, hakuna nafasi hata moja ya kupoteza. Ya saba ikanijia saba ya shupaza. Shupaza tano kwa juu, na saba, tano, nne, tatu, ree kwa chini. Wa mzungu kafunua jozi mbili. Wa sita kaipata chini yake kweli, nane na sita, imepigwa. Poti zima likaja upande wangu.

Lile kupandisha kwenye karata ya tano lingekuwa sahihi hata kama saba ya shupaza isingekuja.

Kuhesabu kwenyewe si kugumu, kunataka mazoea tu. Tuseme una ree, mbili, nne na sita, unatafuta chini. Zinazokufaa ni tatu, tano, saba na nane, jumla kumi na sita. Umeshaona mezani tatu zikiwa mbili, tano ikiwa moja, nane zikiwa mbili. Zimebaki kumi na moja, na njia imepungua kwa karibu thuluthi kabla hujaongeza hata chipsi moja. Mie husoma karata za wazi kwa mdomo, polepole, mara zinapogawiwa tu, kuanzia kushoto kwangu: "sita, mzungu, mbili, tisa, kwini". Mke wangu kwa muda alidhani nina uradi mpya. Anza na kukumbuka ndogo peke yake, halafu ongeza aina yako, mengine yatakuja.

Na karata ya nne msiionee haya. Umeanza na tatu ndogo nzuri, ya nne inakuja kwini, na mbele yako watu wawili wamepata ndogo juu ya ndogo. Tupa, dau bado dogo. Watu wanaona uchungu kutupa karata walizozifurahia dakika moja nyuma, na hapo ndipo chipsi zao zinapokwenda.

Meza za bure zina tabia yake. Hakuna anayetupa. Kumtisha mtu kwa dau kubwa wakati huna kitu ni kazi bure, atakufuata mpaka mwisho ajionee mwenyewe, hazimuumi. Basi acha ujanja, cheza karata za kweli tu, na ukiwa nazo pandisha kila zamu, kwa sababu watakulipa. Wakiwa wanne au watano kwenye poti, mkono wa chini unaoanzia nane hauna usalama. Tafuta sita au saba iliyo nzuri.

Kuhusu mtandao, mnajua hali yetu. Mashine inakupa sekunde chache za kuamua, na ukikatika inakuhesabu umetupa. Cheza meza moja, si tatu kwa pamoja, na kifungo cha kukaa pembeni kibonyeze kabla hujainuka kwenda kusali, usiwaweke watu wakisubiri.

Mwisho, meza za studi ni chache, wengi wako kwenye Texas. Zinachangamka Wamarekani wakitoka makazini, na kwetu hiyo ni saa nane usiku. Mwenye kazi asubuhi asijaribu siku za kazi. Ukikosa meza ya kugawana, kaa kwenye razi, ambayo ni studi ya karata saba hiyo hiyo lakini anayetafutwa ni mkono wa chini peke yake, wala hakuna sharti la nane. Hutajifunza kubeba poti lote humo, lakini kusoma chini na kukumbuka karata ndogo zilizotoka utajifunza haraka, na ukirudi kwenye ya kugawana utaona macho yanakwenda yenyewe panapotakiwa.