Maswali ya Wasomaji: Kumtazama nyangumi kutoka kwenye helikopta

Tunakwenda likizo New Zealand na tutapita Kaikoura, mji wa pwani, kwa siku mbili. Mume wangu anataka boti, mimi nataka helikopta. Je, tofauti ni bei tu?

Hapana, dada. Mtaona vitu viwili tofauti. Ukiwa kwenye boti unaona mgongo, pumzi inayoruka na mkia, na unamsikia mnyama akipumua. Ukiwa juu unamwona mzima: kichwa kikubwa kama gogo, ngozi iliyokunjamana nyuma yake, na mkia ukienda juu na chini ndani ya maji. Madume ya nyangumi-spermaseti, ambao ndio wengi Kaikoura, hufikia mita 16 hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo haionekani kabisa kwa aliye usawa wa maji.

Wanapatikana pale mwaka mzima kwa sababu bonde la chini ya bahari limesogea karibu sana na pwani, na kina chake kinapita mita 1,000. Chakula chao kiko huko chini. Hapo ndipo penye tatizo ambalo wauzaji wa tiketi hawalisemi kwa sauti: nyangumi huyu hukaa juu kama dakika 10 akirudisha pumzi, kisha huzamia dakika 40 hadi saa nzima. Safari ya nusu saa inaweza kuanza na kuisha yeye akiwa chini. Kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni mambo matatu: dakika ngapi zitatumika juu ya bahari, tukitoa kwenda na kurudi, rubani anapashanaje habari na boti zilizoko majini, na mkikosa kumwona mnarudishiwa kiasi gani. Kama fedha inaruhusu, chukueni safari ndefu kuliko ile ya bei ya chini. Dakika 10 za ziada hapa zina thamani kuliko kiti cha mbele.

Pangeni kuruka siku ya kwanza, asubuhi. Upepo kwa kawaida huongezeka mchana, na safari ikiahirishwa mtabaki na siku ya pili. Upepo ukifika noti 11 hadi 16 (maili za baharini kwa saa), vilele vyeupe vya mawimbi hutapakaa baharini, na pumzi ya nyangumi hupotea kati yake. Boti nayo mwachieni mume: mkiweza kufanya yote mawili, msisite.

Nataka picha za karibu kabisa. Nikimwomba rubani ashuke, atakubali?

Akikubali, umepata rubani mbaya. Kanuni za New Zealand za mwaka 1992 zinakataza kuruka chini ya mita 150 karibu na mamalia wa baharini. Tena, ndege iliyo chini ya mita 600 haitakiwi kumsogelea kwa ubavu chini ya mita 150. Australia ni kali zaidi kwa helikopta: mita 500 kila upande. Hawaii, kwa nyangumi wa nundu, ni futi 1,000, yaani mita 300 hivi.

Sheria hizi zina msingi. Kelele ya helikopta huingia majini kwa nguvu pale tu inapoyapiga maji karibu wima; ikiinama zaidi ya nyuzi 13 hivi, sehemu kubwa hurudishwa hewani. Helikopta iliyo mita 300 juu ya bahari tulivu hupiga kelele kali ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 70 hivi chini yake. Rubani mzuri basi humzunguka mnyama kwa mbali, hasimami juu ya kichwa chake, na huangalia kivuli cha helikopta kisimpitie. Isitoshe, ukiwa ubavuni unamwona vizuri kuliko ukiwa juu yake moja kwa moja, kwa kuwa huwezi kuona kupitia sakafu ya helikopta.

Mtazame mnyama mwenyewe. Nyangumi-spermaseti aliyetulia huvuta pumzi ya mwisho, hukunja mgongo, kisha huinua mkia wote hewani kabla ya kushuka. Anayekimbia mara nyingi huzama ghafla bila kuuinua. Ukiona hivyo, au akigeuza njia kila helikopta inapozunguka, mwambie rubani kwenye hedifoni kwamba umeridhika na mwondoke. Una haki ya kusema hivyo hata kama umelipa.

Walinitaka nitaje uzito wangu nilipoweka nafasi. Mimi ni mnene, nikitaja kilo kumi pungufu kuna ubaya?

Upo, ndugu yetu, tena mkubwa. Helikopta ndogo inayotumika sana kwa utalii, Robinson R44, hubeba rubani na abiria 3, na toleo lake la Raven II lina uzito wa juu wa kuruka wa kilo 1,134, mafuta na begi la kamera vikiwemo. Kila kiti kina mwisho wa kilo 136, pamoja na vilivyowekwa chini yake. Rubani huhesabu mafuta kwa uzito mliotaja, na hupanga viti ili helikopta isielemee mbele wala upande mmoja. Mkidanganya watatu, mizani itawaumbua uwanjani, na atalazimika kupunguza mafuta (dakika zenu baharini) au kumwacha mtu. Taja uzito ukiwa umevaa nguo na viatu, halafu kamera yako uitaje peke yake. Usione haya: kila mtu anapimwa.

Picha zangu za angani hutoka na ukungu, na safari moja zilikuwa na mistari ya rangi kama upinde wa mvua. Kamera mbovu?

Kamera ni nzima. Ile mistari inatokana na filta ya polaraiza, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mng'ao. Madirisha ya helikopta ni ya plastiki, na plastiki ikitazamwa kupitia filta hiyo huonyesha rangi. Ifunge tu pale mlango umeondolewa. Ukipiga kupitia dirisha, ivue.

Ukungu unaletwa na mtikisiko. Weka kasi ya shata 1/1000 ya sekunde au zaidi, na usiegemeze kiwiko wala lenzi kwenye dirisha au fremu, maana mtikisiko wote unapitia hapo. Lenzi ya milimita 70–200 inatosha. Vaa nguo nyeusi: shati jeupe litaakisiwa dirishani katika kila picha. Anza kupiga mfululizo mgongo unapokunjwa. Ukingoja mkia uonekane, umechelewa.

Na kiti? Kwenye helikopta nyingi rubani hukaa kulia, hivyo wengi hupenda kuzungukia kulia. Waliokaa kushoto wataona mawingu. Kabla ya kuruka, mwombe azungushe pande zote mbili.

Mama yangu hutapika hata kwenye basi. Nimwache hotelini?

Usimwache. Anywe dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, baada ya kumuuliza mfamasia kama inapatana na dawa zake nyingine. Ale kitu chepesi, asipande na tumbo tupu. Akae mbele kama uzito unaruhusu. Mizunguko ndiyo inayowaangusha watu: kila helikopta inapolala upande, atazame upeo wa bahari, na simu aiweke mfukoni.

Jaketi la uokoaji linafungwa kiunoni bila upepo. Kwa nini tusilijaze kabisa tukiwa ndani?

Kwa sababu helikopta ikitua majini huelekea kupinduka, uzito wake mwingi ukiwa juu. Aliyejaza jaketi ndani ataelea hadi sakafuni, ambayo sasa iko juu, na hataweza kuzama kuufikia mlango. Kamata kitu kilicho karibu na mlango, fungua mkanda, toka, ndipo uvute kamba. Uliza pia kama helikopta ina maboya ya dharura kwenye miguu yake. Kwa safari ya kutoka pwani, chagua yenye nayo. Mkishuka nchi kavu mapanga yakiwa bado yanazunguka, pitieni mbele machoni pa rubani, kofia mkononi, na msikanyage kabisa upande wa mkiani.