Kabla hujamwaga mbolea, toboa ardhi

Kiangazi kikikolea hapa Tabora, majirani wa Isevya huniuliza swali lile lile: nyasi nazimwagilia kila jioni, mbona zinageuka njano? Wengine huja na mfuko wa urea mkononi kabisa. Mimi huwauliza kwanza kama wana bisibisi ndefu nyumbani.

Mwagilia kipande kidogo jioni, kisha asubuhi ukandamize bisibisi hapo kwa mkono. Ikizama mpaka kwenye mpini bila kukutoa jasho, tatizo lako liko kwingine: kivuli, wadudu, au maji kweli hayatoshi. Ikigoma inchi moja au mbili tu kutoka juu, ardhi imeshindiliwa, na mbolea utakayoweka hapo ni hela ya kutupa.

Udongo wa sehemu nyingi za mji wetu una mchanga mwingi, na watu hudhani mchanga haushindiliki. Unashindilika vizuri sana, hasa ukiwa na mfinyanzi kidogo ndani yake. Unakanyagwa ukiwa na unyevu wa masika, ukija kukauka Juni unakuwa kama sakafu. Watoto na mpira wao, pikipiki inayolazwa ndani usiku, viti na turubai za shughuli, vyote vinachangia. Mizizi nayo huvuta hewa. Udongo ukibanwa, zile nafasi za kupitisha hewa na maji huziba, na maji hubaki yametuama juu mpaka jua liyanywe. Ishara nyingine ni lile gugu lenye mashina bapa linalolala chini na halitaki kung'oka kwa mkono. Hilo hustawi pale ukoka uliposhindwa.

Dawa yake ni kutoboa matundu, lakini si kutoboa kwa namna yoyote. Wengi huchukua nondo. Nondo inaingia, sawa, ila haitoi kitu: udongo unasukumwa pembeni na kuta za tundu zinazidi kubanwa. Uma wa bustani wenye meno manne una nafuu kwenye mchanga, mradi ukishauzamisha uutikise mbele na nyuma kabla ya kuuchomoa. Kwenye mfinyanzi unatakiwa uchomoe udongo wenyewe utoke nje.

Mashine za kazi hiyo zipo, lakini kwa uwanja wa nyumbani sioni haja. Mtafute fundi wa kuchomelea, akukatie bomba la chuma la nusu inchi linalokufika kiunoni. Ncha ya chini ainoe kwa grainda. Juu ya ncha, kama sentimita 12 hivi, akate dirisha refu ubavuni ili udongo uwe unatokea hapo, halafu aunge kipande cha nondo cha kukanyagia na mpini wa kushika kwa mikono miwili. Fundi wangu aliangalia ile kitu akaniuliza, "Mama, unakwenda kuchimba dhahabu Nzega?" Ukikanyaga mara ya pili, kipande cha mwanzo kinasukumwa na kuchomoza dirishani, cha mviringo, kirefu kama kidole, mara nyingine na mizizi inaning'inia. Kichunguze. Mizizi ikiishia karibu na juu, umeshajua kwa nini nyasi zako zinasinyaa saa sita mchana.

Enda kina cha sentimita 7 hadi 10, na kati ya tundu na tundu acha nusu shubiri. Ni kazi ya kuchosha, sikufichi. Ukimpa kibarua, simama naye mistari ya mwanzo, maana akichoka anaanza kuruka.

Wakati ndio wenye kuharibu kazi za wengi. Usitoboe Julai wala Agosti: ukoka umepumzika, na matundu yatakausha hata unyevu kidogo uliobaki. Subiri mvua za Novemba zishike, ardhi ilowe lakini isiwe tope, kwa sababu tope huziba bomba. Ukoka hutambaa juu na chini ya ardhi, na hata ukikatwa huchipua kwenye vifundo, kwa hiyo usiogope kuujeruhi wakati wa mvua.

Vile vipande acha vikauke siku moja au mbili, uvivunje kwa reki. Kama ni mfinyanzi mtupu, vizoe. Kisha tandaza mchanga wa mtoni uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa, usukumie matundu kwa fagio. Weka safu nyembamba, ncha za majani zibaki zinaonekana. Samadi mbichi itakuletea magugu ya malisho yote ng'ombe aliyopita.

Chini ya mwembe usijichoshe, na mji huu miembe ndiyo imetuzunguka. Ukoka unataka jua. Ukikosa jua, hata utoboe vipi utaendelea kuwa mwembamba. Hapo panda kitu kinachovumilia kivuli au pafagie tu.

Mimi hutoboa mara moja kwa mwaka, na sehemu watoto wanapochezea narudia Februari au Machi mvua zikiwa bado zipo. Ile njia ya mkato kutoka getini hadi mlangoni nimeacha kuihangaikia. Nimepanga mawe bapa, wapite juu yake.