Usiyakwangue matuta ya shaba

Bamba langu la kwanza la shaba niliharibu kwa kupenda usafi. Nilikuwa darasa la jioni la uchapaji wa picha huku Uholanzi, nimeshinda wiki mbili nikichora uso wa bibi yangu kwa sindano juu ya shaba tupu, bila nta wala asidi. Nikipitisha kidole kwenye mistari, inakwaruza. Nikadhani ni takataka za kazi, nikashika kikwangulio, nikalisawazisha bamba lote. Chapa ikatoka na mistari myembamba, mikavu, bibi kama amechorwa na karani.

Nilichokikwangua ndicho kilichokuwa picha. Sindano ikipita kwenye shaba inafanya kama jembe: inachimba mfereji na kuinua tuta pembeni. Wino huingia mferejini, lakini mwingi hunaswa na tuta, na ukichapa unatoka mweusi kama mahameli, kingo zake zikienea taratibu kwenye karatasi. Kwa asidi mambo ni mengine. Pale bamba hupakwa nta, unachora kwenye nta, asidi inakula shaba iliyofunuliwa. Mstari wake ni safi, na unadumu. Tuta halidumu, maana kila likipita chini ya rola ya mashine linalala kidogo. Kwa shaba tupu tarajia nakala nzuri kama 10 hivi, kisha weusi unaanza kufifia.

Nadhani ndiyo sababu wengi hawakukaa na njia hii ya sindano tupu. Dürer, msanii Mjerumani, aliijaribu mwaka 1512, akatoa picha chache mno, akaendelea na patasi yake ya kuchongea shaba. Aliyeielewa hasa ni Rembrandt, mchoraji Mholanzi. Mwaka 1653 alichora Misalaba Mitatu kwenye bamba lenye upana wa kama sentimita 45, kwa sindano na patasi tu, asidi haikugusa. Mwanga unamwagika kutoka juu, watu wamejaa chini ya msalaba. Bamba lilipochakaa hakulitupa. Aliwakwangua baadhi ya watu, akawachora wengine, akashusha mikwaruzo mirefu, mizito, kutoka juu hadi chini mpaka giza likameza umati. Ukifika British Museum ya London au Rijksmuseum ya Amsterdam, uliza kama unaweza kuonyeshwa nakala ya mwanzo na ile ya giza pamoja. Mimi nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya mchoro wowote wa rangi.

Wewe unayetaka kuanza, usinunue shaba kwanza. Chukua boksi la maziwa ya pakiti, lioshe, lifungue, uchore upande wa ndani unaong'aa kwa sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kizibo. Kumbuka picha itatoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Maandishi yaandike kinyume.

Kazi yenyewe iko kwenye kufuta wino. Upake kwa kipande cha kadibodi, usukume uingie kwenye mistari, kisha ufute kwa kitambaa cha shashi kilichokunjwa kama andazi, kwa mizunguko midogo, mkono mwepesi. Ukikandamiza unauchomoa wino kwenye matuta. Acha utando mwembamba wa wino mahali unapotaka kivuli. Pa mwanga malizia kwa kiganja kikavu. Karatasi iwe imelowa kwa robo saa, halafu ikaushwe kati ya mataulo hadi ising'ae maji. Karatasi kavu haishuki mferejini, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapolaumu sindano bure. Huna mashine? Sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, sehemu baada ya sehemu, bila kuisogeza.

Bamba langu la pili lilikuwa bibi yuleyule, safari hii akipepeta mchele mlangoni. Matuta nikayaacha. Lilipofika nakala ya 12 uso wake ulikuwa umeanza kupauka, nikarudisha sindano, nikakwaruza ukuta nyuma yake mpaka ukawa usiku, na ungo peke yake ukabaki mweupe.