Old Spice ya sasa hainukii kama ya mzee, je ni feki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba alikuwa anapaka Old Spice, yale manukato ya baada ya kunyoa (aftershave), ya chupa nyeupe ya kioo. Juzi binamu yangu kaniletea moja kutoka Marekani, chupa ya plastiki, kifuniko chekundu. Harufu inakaribia lakini siyo ile, nyepesi halafu inapotea mapema. Jamaa mmoja hapa mjini anayeuza manukato ya kupima kaniambia hiyo ni feki, ila anaweza kuirudisha iwe original akiiongezea mafuta yake. Nimpe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Usimpe. Hili swali naletewa kila mara, chupa inabadilika tu, leo Old Spice kesho Brut, na kila mara nyuma yake kuna mtu ana kichupa cha mafuta anataka hela.

Kwa maelezo yako sioni dalili ya ufeki. Plastiki na kifuniko chekundu ndiyo sura yake ya siku hizi huko Marekani. Anayesema "original" ilikuwa moja tu haijui historia ya hii kitu, maana mwaka 1937 kampuni ya Shulton ya New York, ya William Lightfoot Schultz, ilipoitoa mara ya kwanza ilikuwa ya wanawake, ya wanaume ikafuata 1938. Mwaka 1971 Shulton ikanunuliwa na American Cyanamid, kampuni ya kemikali, halafu 1990 ikaingia kampuni ya Procter & Gamble na wapo nayo mpaka leo. Mwaka 1992 ile merikebu ya zamani kwenye nembo ikaondolewa ikawekwa boti ya matanga ya kisasa, mwaka 2008 harufu ya asili ikafungashwa upya kwa jina la Classic Scent. Kwa hiyo aliyoanza nayo mzee ujanani na aliyomalizia nayo uzeeni inawezekana kabisa zilitoka kwa wenye mali tofauti, na mwenye mali akibadilika huwa anabadilika na anayemuuzia mafuta ya harufu, na bei anayokubali kuyalipia, na kiwanda.

Lakini kinachonikera mimi ni hii imani kwamba kila kilichotolewa kwenye fomula kilitolewa ili tuibiwe. Vingine vilitolewa kwa sababu vilikuwa vinaumiza watu! Kuna kitu kinaitwa musk ambrette, miski ya kutengenezwa maabara, ya bei rahisi, tamu, inang'ang'ania kwenye ngozi, aftershave nyingi za enzi hizo zilikuwa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa ngozi wakaanza kupokea wanaume wenye uso mwekundu, unawasha, unachubuka kila wakipigwa na jua, na wengine waliendelea hivyo muda mrefu hata baada ya kuacha kupaka. Ikagundulika ngozi ilikuwa inakataa ile miski ikikutana na mwanga. Miaka ya 1980 wenye tasnia yao wenyewe wakaanza kuizuia kwenye vitu vya kupaka mwilini, Ulaya wakaipiga marufuku kabisa mwaka 1995. Sasa harufu nzito za zamani zikipoteza vitu kama hivyo lazima ziwe nyepesi, na mimi sioni hasara hapo.

Na kuna watu wananunua chupa kuukuu kwa bei ya ajabu wakidhani ndani mna harufu ile ile ya mwaka wa kutengenezwa. Hapana. Mafuta ya jamii ya limau na chungwa yakikutana na hewa yanaharibika, na yakishaharibika ndiyo yanazidi kuleta aleji. Vanila inageuka kahawia, spiriti nayo inatoroka taratibu kwenye kizibo. Unachonusa humo ni mabaki.

Turudi kwa jamaa yako. Kwa harufu ya Old Spice naweza kukisia mafuta yake ni ya karafuu, labda na mdalasini, sababu ndivyo pua inavyosikia haraka na karafuu kwetu huku haitafutwi mbali. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenol. Ni kitu kizuri kikipimwa, ila ni miongoni mwa viungo vya harufu ambavyo tangu 2005 Ulaya wanalazimisha viandikwe kwenye lebo vikizidi asilimia 0.001 kwenye kitu cha kupaka na kubaki nacho mwilini, kwa sababu ya aleji. Mdalasini ndio mbaya zaidi kwa ngozi. Yeye anapima kwa matone, hana mizani, hajui chupa tayari ina kiasi gani, na wewe unaenda kupaka kwenye uso uliotoka kupitishwa wembe sasa hivi, ngozi iko wazi. Halafu ikikuunguza atakwambia ndiyo dalili ni kali, ni original. Kuungua siyo ubora, ni ngozi inalalamika.

Wapo wabaya kuliko huyo. Wanaongezea spiriti ya kuwashia au ya rangi, ambayo inaweza kuwa na methanoli, sumu ya macho na ya roho yako, na chupa ikikaa nyumbani mtoto akionja ni msiba. Wengine wanasaga vidonge au wanachanganya krimu za steroidi eti aftershave ya kumaliza vipele vya ndevu. Vipele vile mara nyingi ni nywele iliyojikunja ikarudi ndani ya ngozi, hakuna manukato yanayotibu hilo, na hiyo steroidi ukiizoea uso unakuwa mwembamba, unajaa chunusi, siku ukiacha unawaka. Kinyozi anayekupaka kitu kwenye chupa isiyo na lebo mwambie basi, hata kama ni rafiki yako.

Ukitaka kukaribia harufu ya mzee, kumbuka watu wa rika lake wengi walitumia seti nzima, sabuni ya kunyolea, aftershave na poda, zote harufu moja, ndiyo maana ilikaa. Jaribu kupaka hiyo uliyonayo kifuani na kwenye shati, siyo usoni tu. Au muombe binamu akutafutie ya India, kule chupa ya kioo ilidumu muda mrefu zaidi, ila nayo haitanukia sawasawa na ya mzee. Kama jamaa alishakutilia mafuta yake hata kidogo, hiyo usiirudishe usoni, na ukiona wekundu au kuwasha nenda kwa daktari wa ngozi na chupa yenyewe mkononi.